Jina Lililotangulia Shairi

Mtu aliyeanguka na pikipiki huanguka na mwili wote. Viwiko huchunika, magoti hupasuka, viganja hubaki na changarawe hata baada ya kuoshwa. Inspekta Émérance Mangaza alikuwa ameona maiti nyingi za namna hiyo katika barabara za Kasongo, na alipomwinamia Élysée katika chumba cha maiti cha hospitali, Jumatatu asubuhi, alianza na mikono. Viganja vilikuwa safi. Viwiko vilikuwa safi. Suruali haikuwa na tundu hata moja gotini.

"Mugeuze," alimwambia muuguzi.

Jeraha lilikuwa moja tu, nyuma ya shingo, la panga au shoka. Aliyelitia alisimama nyuma ya Élysée, karibu sana, kama mtu anayetembea na mwenzake kwenye njia nyembamba. Muuguzi akamwonyesha vilivyokuwa mfukoni: simu, ufunguo, na karanga zilizofungwa kwenye karatasi ambazo marehemu hakuwahi kuzifungua. Viatu vilikuwa bado miguuni. Mwizi wa mji huu angeweza kuacha maiti njiani, lakini simu asingeiacha.

Wanawake waliokuwa wakienda shambani ndio waliomkuta Jumapili asubuhi, ndani ya mfereji, kwenye njia ya kutokea kwenda Kabambare. Hadi saa ya misa mji mzima ulikuwa umeshasema ni ajali ya pikipiki. Hadi mchana mji huo huo ukawa umemtaja muuaji, kwa sababu watu walikumbuka yaliyotokea ukumbini Jumamosi.

Ukumbi ulikuwa wa parokia. Mara moja kwa mwezi vijana walipanga viti, wakawasha kipaza sauti kwa jenereta la kuazima, na yeyote aliyekuwa na shairi kifuani alisimama akalisema. Walikuja Wakristo na Waislamu, wanafunzi na wauza mawese. Wengi walisema mapenzi, wengine walisema Mungu, na kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila mara alisema habari za mbuzi wake na watu wakacheka mpaka machozi. Élysée alianza kuja mwaka uliopita. Alikuwa mchimba dhahabu kule Salamabila kabla ya kushuka Kasongo kubeba magunia ya mchele sokoni, na hakuna aliyetarajia kwamba mbeba magunia angeunyamazisha ukumbi. Jumamosi ile aliunyamazisha. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Kisha Joël, ambaye kabla yake ndiye aliyekuwa mshairi mpendwa wa mji, alimfuata mlangoni, akamkamata shati mbele ya watu, akamwambia kwamba shairi lile litamuua.

Kwa maneno hayo Joël alikuwa mahabusu.

Émérance alimkuta ameketi sakafuni, shati lake jeupe la Jumamosi limekuwa rangi ya ukuta. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti nzuri, na hata kule ndani aliitumia vizuri. Inspekta alimletea maji, akamngoja anywe.

"Ulimuambia Élysée atakufa."

"Nilimuambia."

"Mbele ya watu wote."

"Mutu mwenye kutaka kuua hasemake mbele ya watu wote, mama inspekta. Nilisema kwa sababu ilikuwa kweli. Na sasa munaona."

Kuhusu muda baada ya ukumbi kufungwa, Joël alieleza kwamba alibaki kupanga viti pamoja na vijana wa kwaya, kisha akalala kwa kaka yake, nyumba iliyojaa watoto na wageni wa harusi. Émérance alikuwa ameshayahakikisha hayo kabla ya kuja. Alitaka jambo jingine. Aliuliza shairi lenyewe lilisema nini, kwa maana alikuwa amewahoji watu wengi waliokuwa ukumbini na kila mmoja alilisimulia kwa namna yake, hakuna aliyelishika.

Joël alitazama chini. Halafu akalisema lote, bila kukwama, kwa sauti ya chini kama mtu anayesali:

"Tulikuwa juu, wao walikuwa chini,
na kati yetu kamba moja, na mimi ndiye niliishika.
PDG akasema: maji imeingia, fungeni.
Udongo ulikuwa mukavu.
Wakakata kamba mbele ya mikono yangu.
Chini kulikuwa mumoja, alifunga taa yake kichwani
na kipande ya kitenge ya makasuku.
Aliita, wakamwaga udongo.
Aliita tena, wakamwaga udongo.
Niliitika na mudomo umefungwa."

Kule machimboni, PDG ni mwenye shimo. Émérance hakuhitaji kuelezwa. Mashimo mawili hukutana chini ya ardhi, watu wa huyu wakaufuata mshipa wa dhahabu mpaka ndani ya shimo la yule, na mwenye nguvu hufunga njia pamoja na wote waliomo, hata watu wake mwenyewe. Habari za namna hiyo zilishuka kutoka Salamabila kila mwaka, bila jina la mtu wala la mahali.

"Umelijua lote kwa moyo," alisema.

"Nilimuonea wivu," Joël alisema. "Nilirudia kila siku nitafute kosa ndani yake. Sikupata. Nilimuomba atoe ule musitari wa udongo mukavu, kwa sababu hapo ndipo shairi linakuwa ushahidi. Alikataa. Hakutaja jina la mutu, lakini mutu mwenye kufunga shimo anajua shimo yake."

"Kabla ya Jumamosi, nani alikuwa amelisikia?"

Walikuwa wachache. Kulikuwa na warsha ya mashairi, ambayo wenyewe waliiita atelier, kila wiki uani kwa mwalimu Jean-Baptiste, aliyefundisha Kifaransa sekondari. Mtu analeta shairi, wenzake wanalipekua. Élysée alilisema lile kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu, Joël, na mama mmoja aitwaye Pascaline. Mwalimu akawaapisha kwamba halitatoka uani pale mpaka mwenyewe aamue.

Émérance alitoka na swali moja kichwani. Kama muuaji alilisikia shairi ukumbini, basi alikuwa mmoja wa watu wote wa Kasongo. Kama alilisikia kabla, mlango ulikuwa mwembamba.

Jibu alilipata kwa mama Régina, mwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Inspekta alikuwa akizunguka nyumba za wageni moja baada ya nyingine, akiuliza nani alilala na nani aliondoka Jumapili, na Régina hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Alisema kulikuwa na wanaume wawili, walifika Ijumaa jioni kwa pikipiki moja, wamelowa tope mpaka kiunoni, lile tope jekundu la barabara ya Kabambare ambalo alilazimika kulikwangua sakafuni kwa kisu. Hawakuwa wafanyabiashara, kwa sababu hawakubeba mzigo. Walikuwa wapole. Jumapili waliondoka kabla kengele ya kwanza haijalia.

"Waliuliza kitu chochote?"

Régina alifikiri. Waliuliza vijana wa mashairi hukutania wapi. Naye akawaambia, kwani ilikuwa siri? Tangazo lilikuwa limebandikwa mpaka kwenye mlango wa kanisa.

"Hawakutaja jina?"

"Walitaja. Waliuliza kama kati yao iko mumoja anaitwa Élysée." Aliacha kukunja shuka aliyokuwa nayo mkononi. "Nikasema iko. Mumoja akaniuliza kama mashairi ni sawa na nyimbo. Nikamuambia aende ajisikilizie."

Alipoelewa alichokuwa amesema, aliketi kitandani, shuka mapajani. Émérance alimwambia kwamba yeyote angejibu hivyo. Ilikuwa kweli, lakini haikumsaidia.

Njiani kwenda shuleni Inspekta alilipanga jambo lile. Élysée alilisema shairi mbele ya umma Jumamosi. Ijumaa jina lake lilikuwa limeshafika mji huu midomoni mwa wageni. Jina lilitangulia shairi. Kwa hiyo mmoja wa wale watatu wa uani alikuwa amelibeba.

Jean-Baptiste aliwapa wanafunzi kazi ya kunakili, akatoka kusimama naye upenuni mwa darasa. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Jumamosi yeye ndiye aliyekuwa akishika kipaza sauti na kuwaita washairi. Aliwakumbuka wageni wawili, walikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alipomwita msichana wa kwanza hawakutikisika. Alipomwita mzee wa mbuzi hawakutikisika. Alipomwita Élysée, mmoja aliinua simu na kumpiga picha.

"Nilifurahi," alisema mwalimu. "Nilifikiri tumepata wasikilizaji wapya."

Émérance alimwambia aendelee.

"Kelele zilikuwa nyingi," Jean-Baptiste aliendelea. "Watu hawakusikia vizuri. Nikamuita mara ya pili. Nikasema jina lake lote, na jina la baba yake, nikamuonyesha na mukono."

Wanafunzi ndani walianza kuongea. Akagonga dirisha, wakanyamaza. Inspekta alikuwa akifikiri. Wageni walikuja na jina, lakini sura hawakuwa nayo. Walilazimika kumngoja aitwe. Joël alikuwa na picha za warsha nzima ndani ya simu yake, alizionyesha kwa kila mtu. Kama Joël angemuuza mwenzake, angemuuza na sura yake, na wale watu wasingepoteza Jumamosi nzima wakisikiliza habari za mbuzi. Mwalimu vilevile: nyumba ya Élysée aliijua, angewaelekeza mlangoni. Aliyelitoa jina hakufanya biashara. Lilimponyoka tu, na akaulizwa jina na mji, si sura.

"Pascaline alikuwa wapi Jumamosi?"

"Alisafiri. Shangazi yake anaumwa kule Lusangi. Hakosake hata siku moja, lakini mara hii alikosa." Mwalimu alimtazama. "Mama inspekta, Pascaline ni mutu wa pole. Mashairi yake yote ni ya kumungojea mume. Bwana yake Kasimu alipanda Salamabila kuchimba, wakasema amevuka kwenda machimbo ya upande wa Fizi, na tangu hapo kimya. Yeye anangojea tu. Tunamuambia aandike kitu kingine, anasema hana kingine."

"Siku Élysée alisema lile shairi uani kwako, Pascaline alisema nini?"

"Hakusema. Alimuomba tu arudie musitari mumoja."

"Upi?"

Jean-Baptiste alifungua mdomo, kisha uso wake ukabadilika kabla hajajibu. "Ule wa kitenge," alisema.

Pale wanapokaa waendesha pikipiki wa njia ya Kabambare, Inspekta hakuchukua muda mrefu. Barabara ile ni mbaya, na mwanamke anayesafiri peke yake juu yake hukumbukwa. Kijana aitwaye Abdoul ndiye aliyempakia Pascaline. Hawakuishia Lusangi, walipita Lusangi bila kusimama, wakalala Kabambare kwa sababu ya mvua, kesho yake wakafika Salamabila. Alimshusha mbele ya uzio wa PDG Dominique, mwenye mashimo mengi na watu wake wa bunduki, na akamngoja barabarani. Hakukaa sana. Alitoka akisindikizwa na PDG mwenyewe mpaka kwenye lango, wakapeana mkono. Abdoul aliona hiyo kuwa heshima kubwa. Njia nzima ya kurudi mama yule hakusema neno, ila kwenye kivuko kimoja alimwuliza Abdoul kama mtu anaweza kuishi chini ya ardhi siku ngapi. Abdoul alidhani anauliza habari za dini.

Walirudi Kasongo Alhamisi. Wale wawili wakafika Ijumaa.

Komanda alimsikiliza Émérance mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kikohozi, aliyekuwa ameahidiwa uhamisho mara nyingi. Alikubali hoja ya jina na sura, akaamuru Joël aachiwe mara moja. Halafu akasimama mbele ya dirisha.

"Dominique," alisema. "Unataka nimufanye nini?"

"Nataka ruhusa ya kupanda Salamabila, na watu wa kunisindikiza."

"Watu gani? Unawajua wote. Nusu yao hawana buti. Yule mutu iko na wapiganaji wa kuweza kufunga barabara, na barabara yenyewe si yetu kuanzia katikati. Mukipanda, hamutafika. Mukifika, hamutashuka."

"Basi tupeleke dosiye kwa mwendesha mashtaka, Kindu."

"Tupeleke na nini? Watu wawili wenye tope? Wamesharudi mashimoni, wamefanana na wengine. Shairi? Jaji atakuuliza hilo shimo liko wapi, na wewe utamuambia udongo ulikuwa mukavu?" Hakusema kwa dharau. Alikuwa amechoka tu. "Uniletee mutu mumoja, Inspekta, mwenye kusema alikuwa mbele ya Dominique wakati lile jina lilisikiwa. Mumoja. Bila huyo, tunaandika watu wasiojulikana, na mimi ninaweka sahihi."

Uani nje, Joël alikuwa akifunga kamba za viatu alivyorudishiwa. Alimwuliza Émérance ni nani aliyemuua Élysée. Inspekta alisema bado anatafuta. Joël akasema kwamba ukumbi umefungwa; parokia imeomba vijana wasirudi na kipaza sauti kwa sasa, na mwalimu ameshaondoa mabenchi uani kwake. Alisema hayo kama mtu anayetoa habari za msiba wa mbali, akatoka, akapita njia ya nyuma ili asipite sokoni.

Pascaline aliishi mwisho wa mtaa, nyumba ya matofali mabichi yenye mlango uliopakwa rangi ya bluu. Alikuwa ameketi nje akimenya mihogo, sufuria ikichemka kwenye mafiga. Mwanamke wa umri wa kati, mwili mdogo, kichwa kimefungwa kitambaa vizuri. Hakushtuka alipomwona Inspekta. Alimletea kigoda, akakifuta, akarudi kwenye mihogo yake.

"Umekuja kwa ajili ya Élysée," alisema.

"Nimekuja kwa ajili yako, mama Pascaline. Ulienda Salamabila."

Kisu kilisimama, kikaendelea. Pascaline alieleza bila kulazimishwa, na Émérance hakumwuliza mengi. Wakati Kasimu alipopanda machimboni kwa mara ya mwisho, mkanda wa taa yake ya kichwani ulikuwa umekatika. Pascaline alichana kipande cha kitenge chake mwenyewe, kitenge cha makasuku alichoolewa nacho, akaufunga. Kwa hiyo alipomsikia Élysée uani kwa mwalimu, alidhani amesikia vibaya. Ndiyo maana alimwomba arudie. Baadaye alimfuata Élysée njiani, akamwuliza yule mwenye kitenge alikuwa na sura gani, na Élysée akasema kule chini giza, hakumjua kwa sura, aliona taa tu na kile kitambaa wakati wanashuka. Huenda vitenge vya makasuku ni vingi, alisema. Alimwonea huruma, akamwachia tumaini.

"Tumaini lile ndilo lilinisumbua," Pascaline alisema. "Nikiwa mujane, nijue ni mujane. Nikiwa mutu wa kungojea, ningojee. Nikafikiri, Kasimu alikuwaka kwenye shimo ya Dominique. Nitamuuliza Dominique mwenyewe."

PDG alimpokea vizuri. Alimpa kiti ndani, akaagiza aletewe chai na mikate. Alikuwa na uso wa upole, alimwita mama. Pascaline alimwuliza kama mume wake yuko ndani ya shimo lililofungwa. Dominique alisema hakuna shimo lililofungwa na watu. Yeye ni mtu wa kusali. Akauliza nani amemwumiza moyo kwa maneno kama hayo.

"Sikusema. Nikasema watu wanasema tu. Akacheka kidogo, akasema, basi ni uongo wa watu, mama, usilie. Nikaona nimetoka Kasongo mpaka pale na nimeonekana mwanamuke wa kuokota maneno barabarani." Sasa alikuwa ameshika muhogo uliokwisha kumenywa, akiendelea kuumenya. "Nilitaka ajue sisemi uongo. Nikamuambia kuna mutu aliyeshika kamba. Akaniuliza, jina lake nani? Nikalitaja."

Sufuria ilifurika, maji yakaingia motoni. Hakuna aliyeiondoa.

"Akaniuliza iko wapi siku hizi. Nikasema Kasongo, kwenye mashairi. Akashukuru. Akanisindikiza mpaka lango."

"Ulimuambia Élysée?"

"Nilirudi nimeona haya. Nikajifungia, watu wafikiri bado niko Lusangi. Nikafikiri nitamuambia baada ya Jumamosi."

Émérance alikuwa na kalamu mfukoni mwa shati. Pascaline aliitazama, akasema, "Niandike. Nitasema yote mbele ya jaji. Nilikuwa pale, nilimuona, aliniuliza jina, nilisikia na masikio yangu."

Huyu ndiye mtu mmoja ambaye komanda alimtaka. Inspekta alilijua hilo tangu alipotoka ofisini, na njia nzima alikuwa akiifuata akilini safari ya karatasi ya ushahidi wake: kutoka mezani kwake kwenda kwa karani, kutoka kwa karani kwenda kwenye pikipiki ya kwenda Kindu, mikono ya watu asiowajua, kila mmoja na ndugu yake, kila mmoja na njaa yake. Alijua faili nyingine zilizopita njia hiyo. Alijua mashahidi wake wamelala wapi.

"Nikikuandika," alisema, "jina lako litafika Salamabila kabla ya dosiye kufika Kindu."

"Sijali."

"Na yeye hataguswa. Hakuna mutu wa kumugusa. Nisingekuambia hivyo kama haikuwa kweli. Utakufa, na hakuna kitakachobadilika."

Pascaline aliweka kisu chini. Aliutazama moto uliokuwa ukifuka moshi. Émérance alisubiri alie, kwa kuwa wengi hulia hapo, na akilini alikuwa ameshaanza kupanga maneno atakayompelekea komanda, yale yale ambayo komanda aliyataka: watu wasiojulikana.

"Mama inspekta," Pascaline alisema, "wewe ni mutu wa kuchunguza. Unijibu kitu kimoja. Kama lile shairi lilikuwa uongo, kama hakuna shimo, Dominique angetuma watu njia yote ile, ndani ya mvua, kwa ajili ya mubeba magunia?"

Inspekta alikuwa ameufikia mwisho huo wa hesabu saa nyingi nyuma, pale kwa Abdoul, na alikuwa ametumaini hataulizwa.

"Hapana," alisema.

"Asingetuma."

"Asingetuma."

"Basi amenijibu," Pascaline alisema. "Nilienda kumuuliza, na amenijibu."

Aliinuka. Alichukua maji ya ndoo akauzima moto kabisa, sufuria na vilivyomo akaviacha hapo hapo. Aliingia ndani, akatoa mkeka, akautandika uani mbele ya nyumba, mahali ambapo watu wa njiani wote wangeuona. Akafungua kitambaa cha kichwa, nywele zake zikawa wazi, akaketi chini na kunyoosha miguu kama wanavyoketi wajane siku ya kwanza. Kisha akaanza kulia kwa sauti ya juu, ile sauti ambayo kila mtaa wa Kasongo unaijua na huacha kazi inapoisikia.

Émérance alisimama, hakujua aondoke au abaki. Akavua kofia.

Majirani wakaja, wa kwanza wakikimbia, mmoja na unga bado mikononi. Wakamwona Pascaline chini na askari kando yake, wakamzunguka, wakamshika mabega, wakamwuliza ni nani aliyekufa.

Pascaline akataja majina mawili.